Mistari Niliyoiruka

Nyalikungu, Jumapili, 26 Mei 2024

Nimenunua kaunta buku mpya, kwaya mbili, jalada gumu la bluu. Sikuandika jina juu. Katika nyumba ya mwalimu daftari likikaa mezani kila mtu anajua ni maandalio ya masomo, hakuna anayelifungua. Sina maficho mazuri kuliko hayo.

Mengine yako kwenye tranka, tangu nikiwa chuo cha ualimu. Sijawahi kuyasoma. Naandika, likijaa naliweka, naanza lingine. Ila Alhamisi mwanangu mkubwa aliniuliza, bila ubaya wowote, "Mama, mbona ukimtaja mama mkubwa unaongea kama uko kwenye kikao?" Nikamwambia hakuna kitu kama hicho. Akasema, "Sawa, mama," akaendelea kumenya viazi.

Swali limenikaa. Likizo ya Juni inaanza wiki hii, nitayasoma madaftari yote. Na kwenye hili jipya nitaandika robo saa kila usiku watoto wakishalala, bila kufuta neno, bila kusahihisha. Kwa mwalimu wa Kiswahili huo ni mtihani, lakini najijua: nikianza kunyoosha sentensi, nanyoosha na ukweli uliomo.

Jumamosi, 1 Juni

Shule zilifungwa jana. Leo nimefua, nimepeleka mahindi mashineni, halafu nikafungua tranka.

Mwaka 2006: "Dada amekuja kutoka Lalago. Nimempa sukari kilo mbili, mche wa sabuni, doti ya khanga. Amerudi na gari la saa nane." Mwaka 2011: "Dada amekuja. Mchele kilo tano, mafuta lita moja, nauli." Mwaka 2019: "Dada amekuja. Sare za watoto wawili, sukari, nauli. Gari la saa nane."

Nilirudi nyuma nikidhani nimeruka kurasa. Sikuruka. Habari za watu wengine nimezimwaga bila kipimo: ugonjwa wa baba watoto umekula kurasa na kurasa, ugomvi wa mwalimu mwenzangu na mzazi umeandikwa mpaka maneno waliyotupiana, hata kuku aliyetotoa nje ya banda ana habari yake. Dada yangu, aliyenibeba mgongoni, anaingia, anapewa vitu, anaondoka. Hakuna alichosema. Hakuna nilichomjibu. Hakuna hata alivyovaa.

Nimechukua penseli nikatia alama pembeni kila anapotajwa. Alama zinafanana. Huko kwenye ugonjwa na ugomvi hakuna nilichoficha, ndiyo maana kuna maneno mengi. Kinachofichwa kiko hapa, kwenye mistari mifupi.

Jumatatu, 3 Juni

Kuna jambo nililolisoma zamani ambalo limenirudia. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Wengine walipewa mambo ya kawaida tu. Wengine waliambiwa waandike jambo lililowaumiza kuliko yote maishani, na hawa waligawanywa: wa kwanza waandike kilichotokea tu, wa pili waandike walivyojisikia tu, wa tatu waandike vyote viwili. Hawa wa tatu walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku zile, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari wa chuo mara chache kuliko wenzao. Walioandika kilichotokea tu hawakutofautiana sana na walioandika mambo ya kawaida.

Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo, na nyingine zimeona faida ndogo, kwa hiyo sichukulii kuwa ni dawa. Ila lile kundi la kwanza limenigusa. Sukari, sabuni, khanga, saa nane. Mimi ni mtu wa kilichotokea tu. Nimeandika zaidi ya miaka ishirini na kwa habari ya dada ni kana kwamba sijaandika.

Keshokutwa nitaianza habari yake toka mwanzo. Mkono ukikimbilia vitu nitausimamisha.

Jumatano, 5 Juni

Dada alimaliza darasa la saba mwaka 1993. Akafaulu. Jina lake lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu, na enzi zile shule nzima walichaguliwa wawili au watatu, mwaka mwingine hakuna hata mmoja. Mama alichinja kuku. Wanawake wa kaya za jirani walikuja kupiga vigelegele. Januari ilipofika, wenzake wawili waliondoka na masanduku ya bati, yeye akabaki. Baba alisema pamba haijalipwa. Sikumbuki alisema nini zaidi. Nakumbuka alisema akiwa amesimama, halafu akaenda kwa ng'ombe.

Mwaka uliofuata dada akaolewa Lalago. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa mzazi akiridhia. Mahakama Kuu ilikuja kutamka mwaka 2016 kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mwaka huo dada alikuwa na mjukuu.

Daftari la ng'ombe la baba ninalo mimi. Lina rangi ya moshi kwa sababu lilikaa miaka mingi limechomekwa kwenye nyasi za paa la jiko, na pembe zake zimeliwa na mende. Ng'ombe 16 wa mahari ya dada wameandikwa mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe, kwa mwandiko wa baba uliolala upande wa kushoto. Pembeni ya kila mmoja kuna yaliyompata: huyu kafa, huyu kazaa, huyu kapewa mjomba. Mbele ya dume jekundu na mtamba mweupe ameandika neno moja: ada. Januari 1997.

Ndio mwezi nilioingia kidato cha kwanza.

Mkono unauma. Nimerudia kusoma nilichoandika leo. Hata hapa nimehesabu ng'ombe.

Jumamosi, 8 Juni

Leo niliuliza kwa kuandika na nikajibu kwa kuandika, haraka haraka. Dada akiingia mlangoni, mwili wako unafanya nini? Unakimbilia jikoni. Kwa nini? Natafuta cha kumpa. Kwa nini kabla hajakaa? Naogopa. Unaogopa nini? Atasema. Atasema nini? Kwamba nimesomeshwa kwa ng'ombe zake.

Hapo nilidhani nimefika. Ni jibu zuri, tena linanipamba: mdogo mtu mwenye shukrani, anayelijua deni lake. Nikaangalia saa, robo haijaisha. Nikaendelea kwa ajili ya kanuni tu, na mkono ukaandika: Nina hasira naye.

Nilitaka kufuta. Sikufuta.

Nina hasira naye kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa mtoto, nikapewa kalamu na begi na maisha ya mtu mwingine humo ndani. Sijawahi kuichoka kazi hii kwa sauti, hata miaka ile ya watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, kwa sababu kuichoka ni kumtukana. Sijawahi kusema kwamba nilipenda kushona kuliko kufundisha. Kila nilichopata kimepita kwake kwanza. Na yeye hajasema hata siku moja kwamba aliumia. Anakuja, anacheka na watoto, anasifia chai. Upole wake unanichosha. Angenitukana mara moja tu ningepumua.

Yote hayo yameandikwa kwa mwandiko wangu, na bado naona taabu kuamini.

Jumapili, 9 Juni

Leo sitaandika robo saa, ni haya machache tu. Kanisani sikuweza kuimba. Wale wanafunzi wa Pennebaker nao walitoka na huzuni, najua, lakini kulijua jambo na kulibeba ni vitu viwili. Robo saa inatosha kabisa. Jambo la namna hii ukilikalia usiku kucha linakudhuru, na wako wenye majeraha makubwa kuliko langu ambao hawapaswi kukaa nayo peke yao na daftari, wanahitaji mtu mbele yao.

Jumatano, 12 Juni

Nimemfikiria sana Salme binti Said siku hizi mbili. Namfundisha kila ninapopata nafasi, ingawa hayumo kwenye mtaala wangu, kwa sababu wasichana wa hapa wanapaswa kumjua.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, binti wa Sultani Seyyid Said. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Akajifunza kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, akanakili juu yake herufi za msahafu mpaka mkono ukajua. Ninapolifikiria lile bapa la mfupa, jeupe, na binti wa kifalme ameliinamia akiogopa kusikia nyayo mlangoni, naona kwamba mwanzo wa kuandika kwake na mwanzo wa kuwa na siri ni kitu kimoja. Na ujuzi ule ulimpeleka mbali: mwaka 1859, nduguye Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid, Salme, msichana wa miaka kama 15, ndiye aliyekuwa akiandika barua za upande wa Barghash.

Mwaka 1866 alitoroka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Akabatizwa Aden, akaolewa, akaitwa Emily, akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kitabu kile kinasimulia Unguja ya utotoni mwake kwa uwazi wa ajabu: vyakula, mavazi, wivu wa masuria, sikukuu. Lakini aliandika na kingine, barua ndefu kwa rafiki aliyebaki nyumbani, na hicho hakukichapisha. Kilitoka baada ya kifo chake cha mwaka 1924, miongo mingi baadaye. Humo ndimo mna upweke wake wa Hamburg, mna dini aliyoiacha na ambayo hakuacha kuililia, na ile mpya iliyokataa kumwingia moyoni. Kitabu cha kwanza aliwaandikia wasomaji. Cha pili nadhani alijiandikia mwenyewe, na yule rafiki alikuwa mlango tu.

Hakuwa mwongo katika kile cha kwanza. Kila kilichomo aliona kwa macho yake. Ila ukikisoma hicho peke yake unadhani umemfahamu, na bado.

Mimi nimeandika cha kwanza tu, tena kwa daftari lisilosomwa na mtu.

Jumapili, 16 Juni

Nimeota niko kisimani na dada, ndoo yangu haina kitako. Naandika kabla sijaosha uso, maana ndoto haingoji chai.

Mama alikuwa akisimulia ndoto asubuhi kabla ya kusalimiwa. Akiota marehemu babu anaomba kitu, siku ile hailimwi mpaka jambo lijadiliwe. Kwetu Usukuma ndoto haikuwa mali ya aliyeiota peke yake, ilikuwa habari ya kaya nzima, na watoto wengi wamepewa majina kwa sababu yake. Baadaye sisi wa kanisani tukaona haya kuzisimulia. Nilipokwenda sekondari niliacha kabisa, nikafikiri nimeacha kuota.

Carl Jung, yule Mswisi aliyeziita sehemu za mtu zilizofichika kivuli chake, alipita Afrika Mashariki mwaka 1925. Alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, akafika mlima Elgon, akawa anawauliza wenyeji ndoto zao kwa Kiswahili cha kubabaisha. Amesimulia kwamba mganga mzee alimjibu kwa uchungu: zamani waganga waliota, wakajua vita, maradhi na mvua, tangu Waingereza waje hakuna anayeota, kwani mkuu wa wilaya ndiye anayejua kila kitu.

Jung mwenyewe aliyaandika maono yake yaliyoanza mwaka 1913 katika kitabu kikubwa chenye jalada jekundu, akakiweka. Alikufa mwaka 1961 na kitabu kikabaki kwa familia mpaka mwaka 2009 kilipochapishwa. Ila ninayemkumbuka zaidi ni yule mzee wa Elgon. Alikuwa anasema jambo zito: kwamba ukikabidhi ujuzi wote kwa mtu wa nje, ndani yako panafungwa. Mimi nilikabidhi kwa walimu, kwa mchungaji, kwa vitabu. Ndoto nilimwachia mama, naye hayupo.

Ndoo isiyo na kitako. Sitaki kuitafsiri leo. Nimeiandika, inatosha.

Alhamisi, 20 Juni

Nimepita kwenye ngitili ya baba, sasa ya kaka. Mtu wa mbali akiiona atasema ni pori lililosahaulika: migunga, nyasi zilizokauka zikiwa wima mpaka kiunoni, na njia hakuna. Kumbe imefungwa kwa makusudi. Mvua zikianza Novemba ng'ombe hawaingii. Kiangazi kikikolea, huku nje pamebaki udongo mweusi uliopasuka, ndipo inafunguliwa, kidogo kidogo, na mifugo inapona.

Wazee walikuwa nazo, nyingi zikapotea kwa kufyekwa misitu kwa ajili ya mbung'o na mashamba ya pamba. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, nasi Maswa tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, wataalamu walianza na vitalu vya miche, baadaye wakaona busara ya kurudia ngitili. Mwaka 2002 kazi ile ilipata tuzo ya kimataifa, Equator Prize. Baba hakuisikia hiyo tuzo. Yeye alikuwa akisema tu: usifungue mapema, na usiache kufungua.

Nilisimama pale nikaona kwamba nilichofunga mwaka 1997 kilifungwa vizuri. Nilikuwa mtoto, nisingeweza kuubeba ukweli wote na kusoma algebra humo humo. Kimekua kimya kimya huko ndani. Sasa ni kiangazi, na mimi ndiye mwenye kufungua.

Jumapili, 23 Juni

Nimetoka Lalago jioni hii. Nilikwenda mikono mitupu. Ndani ya gari mikono sikujua niiweke wapi.

Dada alikuwa uani, ameketi juu ya turubai, anachambua pamba. Gauni la kitenge cha njano lililopauka mabegani, kitambaa cheupe kichwani, ndala moja ya bluu na nyingine nyekundu. Vidole vyake vinaenda bila macho: nyeupe huku, yenye madoa, ile fifi, kule, jani kavu linatupwa. Akaniamkia mhola, nikaitikia mhola. Akaangalia nyuma yangu kutafuta mzigo.

"Leo hujaja na kitu?"

"Sijaja na kitu, dada."

"Kuna njaa Nyalikungu?"

"Hapana."

Akacheka, akasogea. "Basi kaa. Fifi weka kwenye kikapu hiki."

Tulichambua mpaka jua likahama upande wa pili wa nyumba. Mkwe wake alituletea michembe na karanga. Nilimsubiri yule binti aondoke ndipo nikasema.

"Dada, ule mwaka jina lako lilipobandikwa ukutani."

Vidole havikusimama. "Niliumia," akasema. "Niliumia mpaka nikawa siendi kisimani kwa njia ya shule. Nazunguka kwa nyuma. Mama akawa ananipiga kwa kuchelewa."

"Hukuwahi kusema."

"Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa unacheza rede." Akachukua tonge jingine la pamba. "Nikazaa, nikazoea. Ila wewe ukija na furushi lako naumia upya. Unaliweka pale chini kabla hujanisalimia. Nasema, huyu ananilipa. Nani alikwambia nakudai?"

Nilikuwa nimeapa nitasema na lile jingine. "Mimi nina hasira na wewe, dada."

"Ya nini?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Hapo vidole vikasimama. Akanitazama muda mrefu. "Na mimi nani aliniuliza?"

Hatukulia. Sijui kwa nini nilitegemea tutalia. Tulikaa tumetazamana kama watu waliokutana stendi wakagundua wanaelekea mji mmoja, halafu yeye akasema marobota yanatakiwa yafungwe kabla ya Jumanne, na tukaendelea. Lakini alianza kuongea. Aliniambia wale wenzake wawili waliokwenda sekondari ni akina nani na wako wapi leo. Aliniambia hesabu ndilo somo alilolipenda, ndiyo maana karani wa pamba hajawahi kumwibia. Sikujua. Miaka yote hii sikujua somo alilolipenda dada yangu.

Wakati wa kunisindikiza akauliza, "Mwanao anasema unaandika kila usiku. Unaniandika na mimi?"

"Nakuandika."

"Pamba ikilipwa nitakuja. Unisomee."

Alhamisi, 27 Juni

Nimefikiria nimsomee nini. Si lazima kila kilichoandikwa usiku kisomwe mchana. Ya ndoto yatabaki yangu, na sehemu ya baba watoto haimhusu. Za zamani, zile za sukari na sabuni, nitamwonyesha akitaka. Nadhani zitamuuma, na ana haki ya kuziona.

Tarehe 8 nitamsomea yote, pamoja na sentensi ile niliyotaka kufuta. Tarehe 5 anaijua kuliko mimi. Hiyo nitampa daftari na kalamu nyekundu, anisahihishie.